Kampuni Iliyoyaonea Haya Maneno Yaliyoilisha

Kila mwaka, tunapowadia uchanganuzi wa sentensi, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza kazi hii ina manufaa gani. Tumekwisha kuchora matawi, tumekwisha kupiga jedwali, kirai nomino kimekaa mahali pake na kirai kitenzi mahali pake. Ndipo mkono unapoinuka kutoka viti vya nyuma. "Mwalimu, nikishahitimu, nani atanilipa kwa kuchora matawi?" Zamani nilikuwa nikijibu kwa kutaja ualimu, uhariri na tafsiri, na jibu hilo halikumridhisha mtu, nami nikiwemo. Siku hizi huwasimulia habari za kampuni moja ya Marekani iliyoishi miaka kumi kwa kuchanganua sentensi, ikapata utajiri kwa kazi hiyo, kisha ikaangamia kwa kuidharau.

Jina lake lilikuwa Infocom. Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta (au tarakilishi, kama wapendavyo wenzangu ambao sina nia ya kugombana nao leo) huenda hawajapata kulisikia, maana kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 1989. Isitoshe, michezo yake haikuwa na picha hata moja kwa muda mrefu wa uhai wake. Ilikuwa michezo ya maneno matupu.

Asili yake ni hii. Mtu mmoja aitwaye Will Crowther, mpenzi wa kuingia mapangoni, alitunga mchezo wa kompyuta ulioitwa Adventure, na Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaupanua. Mwaka 1977 mchezo huo ulifika katika taasisi ya MIT, karibu na mji wa Boston, ukawateka watafiti na wanafunzi wa maabara moja ya kompyuta hata kazi nyingine zikalala. Walipoumaliza, wanne kati yao, yaani Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, walibaki na kero moja. Mchezo ule ulielewa amri za maneno mawili tu: kitenzi na nomino, basi. Ungeweza kuuambia "chukua taa", lakini hungeweza kuuambia "chukua kila kitu isipokuwa taa". Wakaamua kutunga wa kwao, wakauita Zork.

Mwezi Juni mwaka 1979 watu wapatao kumi wa maabara hiyo walianzisha kampuni. Miongoni mwao alikuwamo J. C. R. Licklider, mwanasaikolojia ambaye mawazo yake yalichangia sana kuzaliwa kwa mtandao tunaouita leo intaneti, na Al Vezza, mmoja wa viongozi wa maabara. Jambo la kustaajabisha ni kwamba walipotia saini hawakuwa wamekubaliana watauza nini. Walilojua ni kwamba wao ni werevu na hawataki kutengana. Zork ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa tayari ipo, na kwa wengine kati yao ilikuwa njia tu ya kupata fedha za kutengenezea bidhaa za watu wazima, yaani programu za biashara. Naomba msomaji ashikilie jambo hilo, maana tutalirudia.

Mchezaji wa Zork alikutana na maandishi kwenye kioo cha kompyuta: yuko uwanjani, magharibi ya nyumba nyeupe, na hapo pana sanduku la barua. Baada ya hapo kioo kilinyamaza kikamngojea aseme. Hapakuwa na orodha ya kuchagulia wala kitufe cha kubofya. Ilimbidi atunge sentensi. Angeweza kufungua sanduku, kusoma kilichomo, kuzunguka nyumba, kufungua dirisha. Kama sentensi yake ilikuwa na akili, kompyuta iliitii na kumweleza kilichotokea.

Hapa ndipo mwalimu wa isimu anapolazimika kusimama kidogo. Iliwezekanaje kwa kompyuta ndogo za wakati huo, zenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 au 48, kuelewa sentensi kama "mpige zimwi kwa upanga"? Jibu ni kwamba zilifanya yale yale tunayowafundisha wanafunzi wa shule za upili. Mashine ilikata sentensi kuwa maneno, ikalitafuta kila neno katika kamusi yake ndogo, ikalitia katika aina yake: kitenzi, nomino, kivumishi, kihusishi. Vijineno visivyo na kazi ikavitupa. Ikishapata kitenzi, ilijiuliza kitenzi hiki kinadai nini. "Piga" kinadai wa kupigwa na cha kupigia, yaani shamirisho kipozi na ala. Kama mchezaji alisahau kutaja silaha, mashine haikukasirika. Ilimwuliza atampiga kwa nini. Kama chumbani mlikuwa na milango miwili naye akasema "mlango" tu, ilimwuliza ni upi. Kamusi ya Zork ilikuwa na maneno zaidi ya mia sita, ambayo ni machache kuliko ya mtoto wa chekechea. Hata hivyo wachezaji wengi walihisi wanazungumza na mtu, kwa kuwa kile kidogo ambacho mashine ilikijua ilikijua kwa utaratibu.

Walifanya jambo jingine la busara. Wakati huo kila aina ya kompyuta ilikuwa na lugha yake ya ndani: Apple II haikuelewana na TRS-80, wala TRS-80 haikuelewana na Commodore 64. Badala ya kuandika upya kila mchezo kwa kila mashine, Joel Berez na Marc Blank walibuni kompyuta ya kufikirika, isiyokuwapo popote duniani, na hadithi zote zikaandikwa kwa lugha ya mashine hiyo ya kufikirika. Kisha kwa kila aina ya kompyuta iliyouzwa madukani wakaandika programu moja ndogo ya kukalimani. Ilipotoka kompyuta mpya sokoni, walimwandika mkalimani mmoja, na papo hapo hadithi zao zote zikawa zinasomeka humo. Washindani wao walihangaika miezi mingi kwa kazi ambayo wao waliimaliza kwa muda mfupi.

Matokeo yake yalikuwa neema. Zork ilikuwa kubwa mno, ikagawanywa vitabu vitatu vilivyotoka kati ya mwaka 1980 na 1982, na cha kwanza kikauzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Mwaka 1982 ikaja Deadline, hadithi ya upelelezi, ambamo mchezaji anachunguza kifo cha tajiri mmoja na kuwahoji watu wa nyumbani. Maelezo yake hayakuenea katika diski, basi wakayachapa kwenye karatasi kama majalada halisi ya polisi wakayatia ndani ya pakiti pamoja na vidonge vya kuigiza. Mwaka 1983 Steve Meretzky aliandika Planetfall, ambayo ina roboti mcheshi aitwaye Floyd, na roboti huyo anapojitoa mhanga kwa ajili ya mwenzake, watu wazima walikiri kwamba walitokwa na machozi mbele ya kioo chenye herufi tu. Mwaka 1984 mwandishi Mwingereza Douglas Adams alishirikiana na Meretzky kugeuza hadithi yake mashuhuri kuwa mchezo. Wakati washindani wakijisifia picha, Infocom ilichapisha tangazo lenye picha ya ubongo wa binadamu, kumaanisha kwamba mchoraji wao yumo kichwani mwa mchezaji. Mwaka huo mauzo yalifikia takriban dola milioni 10.

Ikiwa msomaji anadhani kwamba kilichofuata ni picha kuyashinda maneno, hayuko peke yake. Ndivyo kisa hiki kinavyosimuliwa kwa kawaida, na kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1984 huo huo kampuni ya Sierra ilitoa King's Quest, mchezo ambao mhusika wake alionekana akitembea kwa rangi kwenye kioo, na hakuna aliyeshuku upepo unavuma kuelekea wapi. Soko la maneno matupu lilikuwa lipungue, Infocom ifanye itakavyo. Lakini biashara inayopungua inaweza kuishi miaka mingi ikijua ukubwa wake. Infocom haikuuawa na picha. Ilikuwa imekwisha kujijeruhi kabla picha hazijaifikia, na kisu ilikishika yenyewe.

Nilisema kwamba baadhi ya waanzilishi waliiona michezo kuwa njia tu. Kwa kadiri hadithi zilivyouzwa, ndivyo aibu ilivyozidi kuwakaa: wasomi wa MIT, nao wanauza hekaya za mazimwi! Tangu mwaka 1982 waliunda kitengo cha biashara, na mwezi Januari mwaka 1984 Al Vezza akawa mkuu wa kampuni. Faida ya hadithi ikaanza kumiminwa katika programu moja ya kutunzia kumbukumbu za ofisi, iliyoitwa Cornerstone. Watu wapya wakaajiriwa kwa ajili yake, ofisi kubwa zikakodiwa, na kampuni ndogo ikavaa suti ya kampuni kubwa.

Cornerstone ilitoka mapema mwaka 1985 kwa bei ya dola 495. Haikuwa bidhaa mbovu, na ni haki kulisema hilo. Wakaguzi waliisifu kwa kumwezesha mtu asiyejua kuandika programu kupanga rekodi zake bila msaada. Lakini waliitengeneza kwa mbinu ile ile ya kompyuta ya kufikirika iliyowatajirisha, na safari hii mbinu hiyo ikawageuka. Kufikia mwaka 1985 maofisi yalikuwa yameamua: kompyuta ya kazi ni ya IBM au inayofanana nayo. Hapakuwa na haja ya mkalimani, maana wote walikuwa wanazungumza lugha moja. Kilichobaki ni uzito wa mkalimani, ambaye kila amri ilimpitia na kuchelewa. Katika hadithi, mchezaji hajali kungoja sekunde moja mlango ufunguke. Karani mwenye rekodi elfu kadhaa anajali. Isitoshe, soko lenyewe lilikuwa tayari na mwenyewe: dBase ya kampuni ya Ashton-Tate, ambayo maofisi yalikuwa yameizoea.

Cornerstone haikuuzika vya kutosha kulipia gharama zake. Bei ikashushwa hadi chini ya dola 100, pasitokee nafuu. Wafanyakazi wakapunguzwa, na waliopunguzwa hawakuwa wa biashara peke yao. Mwezi Juni mwaka 1986 Infocom ikanunuliwa na Activision, kampuni ya michezo ya California, kwa thamani ya takriban dola milioni 7.5. Mkuu wa Activision wakati huo, Jim Levy, alikuwa mpenzi wa hadithi zao. Mapema mwaka 1987 nafasi yake ikachukuliwa na Bruce Davis, ambaye hakuupenda ununuzi huo tangu mwanzo. Mengine yalikwenda haraka. Hadithi nyingi zaidi zilidaiwa kwa mwaka, picha zikatiwa ambapo hazikuhitajika, na mwezi Mei mwaka 1989 ofisi ya Massachusetts ikafungwa.

Kinachonichoma katika kisa hiki ni kwamba baadhi ya kazi zao bora zilitoka wakati fedha zikienda kwingine. A Mind Forever Voyaging ilitoka mwaka 1985. Trinity ya Brian Moriarty, inayohusu bomu la atomiki, mwaka 1986. Waandishi walikuwa wanapanda ngazi huku wenye kampuni wakiikata kwa chini. Nao hawakuikata kwa uovu. Waliikata kwa kutafuta heshima.

Naandika haya nikiwa na jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja nilikokuwa nikifundisha, iliitishwa kamati ya kufikiria masomo "yasiyo na soko". Somo la mofolojia ya Kiswahili lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Likapendekezwa lifutwe, mahali pake liwekwe somo la mawasiliano ya kibiashara. Mimi, niliyekuwa nikilifundisha, niliinua mkono kuunga mkono. Nilijiambia kuwa nasoma alama za nyakati. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuulizwa katika mikutano viambishi vina faida gani, na nilitamani kwa mara moja kuonekana mtu wa maana. Ukumbi ulijaa muhula wa kwanza. Muhula wa pili wanafunzi waligundua kuwa idara ya biashara inafundisha jambo hilo hilo, na inalifundisha vizuri kutushinda, maana ndilo lao. Walihama wakaenda kwa wenyewe. Mofolojia ilikuwa imekwisha kuzikwa.

Na katika miaka ile ile ambayo Infocom ilikuwa ikiuza sentensi, kazi kama hiyo ilikuwa imeanza kufanyiwa Kiswahili, ila haikuanzia kwetu. Kuanzia miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Finland, aliunda programu ya kuchanganua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi: nafsi, wakati, mtendwa, mzizi, kauli. Simlaumu kwa kutuwahi. Namshukuru. Lakini kila ninapofikiria wasemaji wa lugha hii walivyo wengi, na walimu wanaowaandikia wanafunzi ubaoni "a-na-ki-som-a" kila siku ya Mungu, najiuliza sisi tulikuwa tunaona haya ya nini.

Swali hili si la kale. Leo kila mwanafunzi ana simu yenye kisanduku anachokiandikia sentensi, nacho kikamjibu. Akili mnemba, au akili unde kama wengine waiitavyo, haifanyi kazi kama Zork. Haikuandikiwa kanuni na mtu, bali imejifunza kwa kusoma maandishi mengi kupita kiasi. Hata hivyo nayo hukata maneno kabla ya kuyafanyia kazi, na kwa kuwa nyingi ya mashine hizo zimelelewa zaidi na Kiingereza, neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi, na mara nyingi kisu hakipiti pale viambishi vinapokutana. Mtu wa kuligundua kosa hilo, na kueleza ni kosa la namna gani, ni yule wa matawi na jedwali.

Hadithi ya Zork nayo haikuishia mwaka 1989. Wapenzi wake waliifumbua siri ya ile kompyuta ya kufikirika, na Mwingereza Graham Nelson akatoa mwaka 1993 programu iitwayo Inform ya kuandikia hadithi mpya za aina hiyo. Watu wakaitohoa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine za Ulaya. Activision ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2023, na mwaka 2025 Microsoft ikatoa rasmi maandishi ya ndani ya vitabu vitatu vya Zork yawe huru kwa yeyote kuyasoma na kuyatumia. Kazi iliyoonewa haya na wenyewe sasa inatunzwa kama urithi, na sijasikia mtu akiulizia Cornerstone.

Nimeyatumia maandishi hayo darasani muhula huu, na wanafunzi tisa, nje ya silabasi. Zoezi ni dogo: tupate amri za Kiswahili ambazo mashine ile ingezielewa. Tumegundua kwamba katika jambo moja lugha yetu inaizidi nguvu lugha iliyotungiwa mchezo. Mchezaji wa Kiingereza akiokota kisu na taa, kisha akatumia kiwakilishi chao kimoja cha vitu vyote, mashine hulazimika kukisia anasema kipi. Kwetu, "kichukue" ni kisu na "ichukue" ni taa. Ngeli imekwisha kusema, na hakuna cha kukisia. Wanafunzi walifurahi kama waliookota shilingi.

Furaha hiyo ilidumu wiki moja. Ili kubana nafasi, kamusi ya Zork huhifadhi herufi sita za mwanzo za kila neno na kutupa zinazobaki. Kiingereza, chenye vitenzi vifupi visivyobeba viambishi mbele, hakikuumia sana. Mwanafunzi mmoja wa kike, ndiye yule aliyeniuliza nani atamlipa, aliandika ubaoni "kifunge" na "kifungue", akahesabu herufi kwa kidole, akafuta zilizozidi. Yakabaki maneno mawili: "kifung" na "kifung". Mashine ya Kiswahili isingejua kama mchezaji anataka kisanduku kifungwe au kifunguliwe. Matoleo ya baadaye ya Infocom yaliongeza hadi herufi tisa, tukadhani tumepona, mpaka mwingine alipoandika "nitakifunga" na "nitakifungua".

Basi haifai kukata kutoka mwanzo wa neno. Ni lazima kwanza viambishi vivuliwe, mzizi ubaki peke yake, kisha kauli ya kutendua itambuliwe kwa alama yake ya mwisho. Hayo yote yamo katika somo nililolipigia kura lifutwe. Nimewaandikia wakuu wa idara ninakofundisha sasa kuomba somo kama hilo lianzishwe, na sijapata jibu. Kwa sasa tunakutana Alhamisi baada ya saa kumi, katika chumba ambacho taa yake moja imeungua, na orodha yetu ya vitenzi imefika arobaini.